Pampu ya bwawa la kuogelea inavuta hewa: utumie maji, povu, udi au presha?

Ukifungua kibanda cha pampu asubuhi ukakuta maji chini ya kile kifuniko cha kuonyesha yanatokota kama chungu cha kunde, na kule bwawani matundu ya kurudishia maji yanatema mapovu, basi kuna mahali hewa inaingia. Hilo halina ubishi. Ubishi ni inaingilia wapi, na utaitafuta kwa njia gani bila kumaliza siku nzima na nusu ya mshahara. Nimetunza bwawa la nyumba moja ya wageni hapa Shangani, Mtwara, kwa miaka kadhaa, na la kaka yangu Lindi mjini kila nikienda kumsalimia. Katika mabwawa hayo mawili nimejaribu karibu kila njia ambayo fundi atakutajia, na moja au mbili ambazo hatakutajia. Naziweka hapa ubavu kwa ubavu, na sitaficha ipi ninaiamini na ipi nimeichoka.

Tone unaloliona silo

Mara ya kwanza tatizo hili lilipotupata tulimwita fundi bomba, mtu wa kazi hasa, anayeheshimika mtaa mzima. Alipiga magoti, akakagua, akakuta tone linadondoka kwenye shingo ya chujio la mchanga. Akahangaika nalo mpaka adhuhuri, likakauka kabisa.

"Mama, tone limekwisha," alimwambia mwenye nyumba.

"Tone limekwisha, mwanangu, lakini mbona pampu bado inakoroma?"

Kosa halikuwa la mikono yake. Fundi bomba amezoea bomba la MTUWASA, mamlaka ya maji ya hapa Mtwara, ambalo maji yake yana msukumo. Likitoboka linarusha maji nje, watoto wanakuja kuoga, na mtaa mzima unajua. Bwawa lina pande mbili. Kutoka kwenye skima (ule mdomo wa ukutani unaonyonya maji ya juu) na tundu la sakafuni hadi kwenye pampu, maji yananyonywa, na mgandamizo ndani ya bomba unakuwa chini kuliko wa hewa ya nje. Tundu likitokea upande huo, pampu ikiwa inazunguka, halidondoshi kitu. Linavuta hewa kimyakimya. Kutoka kwenye pampu kwenda kwenye chujio na kurudi bwawani, maji yanasukumwa, na tundu la huko ndilo linalotoa matone. Kwa hiyo tone unaloliona pampu ikiwaka lizibe, linakupotezea maji, ila usitarajie mapovu yaondoke. Hata sili ya shafti, ile inayozuia maji yasipite kwenye mhimili wa mota, ikichoka, kawaida yake ni kudondosha maji chini kati ya pampu na mota.

Shahidi wa pili ni geji iliyo juu ya chujio. Hewa ikiingia, mshale hushuka chini ya pale ulipozoea kukaa na huchezacheza. Chujio likiziba kwa uchafu huwa kinyume, mshale hupanda. Ila geji za huku pwani hushikwa na kutu upesi kwa sababu ya upepo wa chumvi. Zima pampu kwanza uone kama mshale unarudi sifuri. Usiporudi, hiyo geji ni pambo tu.

Halafu kuna mambo yanayofanana na tundu na sio tundu. Kusi inapovuma, tangu karibu Aprili hadi Septemba, ikisaidiana na jua, maji ya bwawa hupungua kuliko unavyodhani. Yakishuka chini ya nusu ya mdomo wa skima, skima inameza hewa kama mtoto anayefyonza mrija kwenye glasi iliyoisha. Kile kilango kinachoelea mdomoni mwa skima kikikwama kikiwa kimesimama, matokeo ni yale yale hata maji yakiwa ya kutosha. Na kuna vikapu. Adui yangu mimi ni mwarobaini wa jirani: majani yake ni membamba, yanapenya kikapu cha skima na kujikusanya kwenye kikapu cha pampu. Kikapu kikijaa, pampu inavuta kwa nguvu zaidi, na kiungo ambacho siku zote kilijikaza kinaanza kupitisha hewa. Safisha vikapu vyote viwili kabla hujamnyooshea kidole mtu yeyote. Mapovu ya dakika moja au mbili baada ya kufunga kifuniko ni ya kawaida. Na ukiwa na pampu ya kisasa inayobadilisha mwendo, ikienda polepole huacha kiputo kidogo chini ya kifuniko. Kiache kilale.

Maji, povu na udi

Njia hizi tatu ni ndugu. Pampu inawaka, unaweka kitu juu ya kiungo unachokishuku, unaangalia kama kinavutwa ndani au kama mapovu yanakatika. Zinatofautiana tabia.

Maji ndiyo njia ya kwanza kwa kila mtu, na ni haki yake. Unamwaga taratibu juu ya kiungo kimoja, unahesabu mpaka ishirini au thelathini, na mwenzako anakodolea macho kifuniko. Tundu likifunikwa na maji, pampu inanyonya maji badala ya hewa. Mapovu yanapungua, na hata mlio wa pampu unabadilika, unakuwa mzito, umetulia. Upepo hauisumbui njia hii, na maji yanaingia hata nyuma ya bomba ambako mkono haufiki. Ubaya wake ni kwamba maji hayakai ulipoyaweka. Nilipoteza asubuhi nzima kwa kuanza na kifuniko: nikimwaga juu yake mapovu yanakatika, nikabadilisha mpira wa kifuniko, mapovu yakabaki. Kumbe maji yalikuwa yanateremka mpaka kwenye kizibo cha kutolea maji kilicho chini ya pampu, na tundu lilikuwa huko. Tangu siku hiyo naanza chini napanda juu: vizibo vya chini, kisha tredi ya bomba linapoingilia pampu, kisha yunioni (viungo vya kufungua na kukaza bila kukata bomba), valvu, na kifuniko mwisho. Tena natumia kopo, situmii mpira wa bustani, maana mota iko hapo hapo na matundu yake ya kupumulia hayapendi maji. Ukiona umeirowesha mota, zima umeme kwenye breka kwanza, ndipo uanze kupangusa.

Povu la kunyolea linakaa palepale ulipolipaka, na hapo linayashinda maji. Unalizungusha kwenye mshono, unangoja, na penye tundu linaanza kuzama kama mchanga juu ya shimo la kaa. Kwa wanaoishi kwenye baridi nadhani ni njia nzuri sana. Kwa joto la Mtwara saa sita mchana, povu linalegea lenyewe ndani ya dakika chache, na hujui limevutwa au limeyeyuka. Povu la sabuni ya kufulia ni jepesi zaidi na hufa mapema zaidi. Ukilitumia, fanya kazi kabla jua halijakolea, na usilipake kwa pupa, maana likivutwa kwa wingi utaliona likielea bwawani.

Udi ndio ninaoupenda, na najua wapo watakaocheka. Kijiti kimoja cha udi, ambacho nyumba yoyote ya pwani hakikosekani, unakiwasha na kukipitisha polepole kuzunguka mshono wa kifuniko, shingo ya valvu, midomo ya yunioni. Moshi unapanda wima. Ukifika penye tundu unapinda na kuingia kama uzi kwenye tundu la sindano. Hakuna njia nyingine inayokuonyesha mahali kwa usahihi wa ncha ya kidole bila kulowesha kitu. Mara ya kwanza mwenye nyumba alisikia harufu akaja mbio kuuliza tumepata wageni gani wa heshima kibandani.

Lakini udi una masharti. Upepo ukiwapo haufai kabisa, na kibanda chetu kinatazama bahari, kwa hiyo miezi ya kusi nauwasha alfajiri upepo ukiwa umelala, mlango nimeurudishia. Sharti la pili ni zito: watu wengi hutunza klorini ya unga kibandani humo humo, na klorini hiyo ikikutana na cheche au kitu kinachowaka inaweza kulipuka moto. Ndoo ya klorini itoke nje, mbali, kabla kiberiti hakijawashwa. Kama huwezi kuitoa, sahau udi, rudi kwenye kopo.

Kwa hiyo mimi hupanga hivi: kopo la maji linaniambia ni eneo gani, udi unaniambia ni mshono upi, na povu nalitumia upepo unapokataa udi. Kwa kifuniko peke yake kuna hila nyingine, kipande cha nailoni laini ya kufungia chakula (mifuko ya plastiki tuliagana nayo Juni 2019), ukikilaza juu ya mshono kinafyonzwa na kunata penye tundu. Ni haraka, ila haifai kwingine kokote.

Pampu yako iko juu au chini ya maji?

Swali hili hubadilisha hesabu yote, na mafundi wengi hawaliulizi.

Bwawa la kaka yangu Lindi limejengwa kwenye mteremko, na pampu imewekwa chini, chini ya usawa wa maji. Pampu ikizimwa, uzito wa maji ya bwawa unasukuma kutoka ndani, na lile tundu lililokuwa linavuta hewa kimya sasa linadondosha. Kwake yeye, kitambaa kikavu ni bora kuliko udi, povu na maji vikiwekwa pamoja. Tunazima, tunapangusa kila kiungo mpaka kikauke, tunakwenda kunywa chai, tunarudi kupapasa kwa karatasi ya chooni. Palipolowana ndipo. Hatukumwita mtu, hatukununua kitu.

Shangani pampu iko juu ya usawa wa maji, na kitambaa hakina kazi. Ikizimwa, hewa inapenya kwenye tundu na maji yote ya bomba yanarudi bwawani. Hapo ndipo kukatika kwa umeme kunapoleta hasara. Umeme unakatika usiku, unarudi, pampu inaanza yenyewe huku bomba ni tupu, inazunguka kavu, joto linapanda, na zile tredi za plastiki kwenye mdomo wa pampu zinalainika na kusinyaa. Asubuhi una matundu mawili badala ya moja. Nani alaumiwe sijui. Najua tu kwamba siku hizi, nikigundua hewa na sina nafasi ya kuishughulikia, naizima pampu kwenye breka kabla sijalala.

Ndoo ya bure au presha ya kulipia

Ikiwa umepita viungo vyote vinavyoonekana na mapovu bado yapo, basi tundu liko ardhini. Kabla ya kuchimba, tumia valvu. Funga ya tundu la sakafuni, acha skima peke yake inyonye, uangalie. Kisha geuza, funga skima uache ya chini. Mapovu yakiisha ukifunga mojawapo, mstari huo ndio wenye kidonda. Wakati skima imefungwa na tundu la chini linanyonya peke yake, asiwepo mtu hata mmoja majini, hasa watoto. Nguvu yote ya pampu iko pale sakafuni na inaweza kumshika mtu nywele au mwili.

Uhakika zaidi unapatikana kwa njia mbili ambazo bei zake ni mbingu na ardhi.

Ya ndoo inahitaji ndoo, jiwe na subira. Weka ndoo yenye maji kwenye ngazi ya bwawa, ikandamize kwa jiwe, weka alama ya maji ndani ya ndoo na nyingine ukutani mwa bwawa. Iache saa ishirini na nne pampu ikiwa imezimwa, kisha rudia saa ishirini na nne pampu ikiwaka. Jua linakausha ndoo na bwawa kwa kiasi kinacholingana, kwa hiyo bwawa likipungua zaidi ya ndoo, hiyo tofauti ndiyo inayovuja. Uzuri wake uko kwenye kulinganisha siku hizo mbili. Bwawa likipoteza maji zaidi pampu ikiwa imezimwa, tundu liko upande wa kunyonya, kwa sababu ikiwaka linavuta badala ya kutoa. Likipoteza zaidi pampu ikiwaka, tundu liko upande wa kusukuma, na hilo silo linalokuletea mapovu. Njia hii haikuonyeshi mahali, na inataka siku mbili kavu. Kuanzia Desemba hadi Aprili, siku mbili kavu mfululizo hapa kwetu ni za kuvizia.

Presha inakupa jibu siku hiyo hiyo. Bomba linazibwa pande zote mbili kwa vizibo vya mpira, linajazwa maji, linasukumwa mpaka psi 10 hadi 15, kisha unatazama geji kwa robo saa. Mshale ukisimama, bomba ni zima. Ukiteremka, lina tundu. Nasema maji kwa makusudi. Nimeona mtu akitaka kutumia kompresa ya kujazia matairi kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Hewa iliyobanwa hutunza nguvu. Kizibo kikichomoka kinaruka kama jiwe la manati, na hutaki uso wako uwe njiani. Udhaifu wa presha ni kwamba vifaa vyake havipatikani kila duka la huku, na pia yapo matundu yanayofunguka kwa kunyonywa tu. Ukisukuma kutoka ndani, mpira au ufa unajifunga wenyewe, mshale unasimama, nawe unaambiwa bomba ni zima. Ndiyo maana siitangulizi presha hata siku moja. Mtu akikuambia aanze nayo kabla hajamwaga kopo moja la maji, muulize kwanza kwa nini.

Na kuchimba? Kuchimba bila kujua ni mstari upi ni adhabu. Ardhi ya karibu na bahari, Shangani kama Mikindani, ukishapita mchanga unakutana na jiwe la matumbawe, lile lile walilojengea nyumba za kale za Mikindani, na sururu inaruka tu.

Kuziba au kubadilisha

Tundu umelipata. Sasa unajaribiwa na njia za mkato, na hapa nina maneno zaidi kwa sababu ndipo watu wanapopoteza fedha mara mbili.

Tuanze na oringi, ule mpira wa duara wa kifuniko. Ukiwa bapa, umepasuka, au ukiubana kwa vidole haurudi, hakuna cha kuziba, badilisha. Ukiwa bado mzima, toa mchanga wote kwenye mfereji wake (chembe moja yatosha kuleta kasheshe yote hii), upake mafuta ya silikoni kidogo, rudisha. Vaselini na grisi ya gari ziache dukani. Mipira mingi ya mabwawa ni ya aina isiyopatana na mafuta ya petroli: inavimba, inalegea, na baada ya wiki chache haitoshei tena kwenye mfereji wake. Niliwahi kupaka vaselini mwenyewe, ikafanya kazi vizuri kwa siku kumi nikajiona fundi. Ukaze kifuniko kwa mkono tu. Kukikaza kwa nyundo na bisibisi, kama nilivyokuta mahali, hupasua kifuniko chenyewe, na ufa wa nywele kwenye plastiki iliyopigwa jua miaka mingi hauonekani mpaka uumulike kwa tochi.

Vile vizibo vidogo vya kutolea maji chini ya pampu navyo vina oringi zake ndogo, na mara nyingi aliyevifungua mara ya mwisho aliziangusha kwenye nyasi akavizungushia tepu. Nunua oringi. Hapo gharama ya kubadilisha na ya kuziba hazitofautiani sana hata ukafikirie.

Kwenye tredi ndiko tepu nyeupe inakostahili. Izungushe kufuata njia ya kukaza, mizunguko mitano au zaidi kwa plastiki, na usianzie mwanzo kabisa wa tredi isije ikajikunja ndani. Ukiizungusha kinyume, inajikusanya unapokaza, nawe utasema tepu za siku hizi ni feki. Lakini ikiwa tredi imesinyaa kwa joto la pampu kuzunguka kavu, hata robo ya bunda la tepu haitaiponya. Kata, weka kipande kipya. Silikoni ya mrija naikubali hapa kama kiraka cha wikendi, maana upande wa kunyonya unaivuta iingie tunduni badala ya kuisukuma itoke. Ipake kila kitu kikiwa kikavu, uiache ikauke kabla ya kuwasha.

Mpira wa tyubu, ule tunaofungia mizigo kwenye baiskeli, nao una heshima yake. Ukiukata utepe mrefu na kuuzungusha kwa kuvuta juu ya ufa wa bomba la kunyonya, hewa yenyewe inaubana dhidi ya bomba. Umenishikia pampu wiki mbili nikisubiri kipuri. Kwenye bomba la kusukuma utepe huo huo haukumaliza saa moja. Ukijua uko upande upi wa pampu, unajua pia kiraka kipi kitashika.

Gundi ya bomba kupakwa juu ya kiungo kinachovuja ni kazi bure. Gundi hiyo huunganisha kwa kuyeyusha plastiki mbili zinazokutana. Ikipakwa nje juu ya maji na uchafu inakauka kama rangi ya kucha na kubanduka. Kiungo kibovu kinakatwa na kuunganishwa upya, pakavu. Na hapo angalia kipimo kabla hujakata, kwa sababu huu ni mtego ulioninasa. Vifaa vya bwawa vingine vina vipimo vya milimita, vingine vya inchi. Bomba la milimita 50 na bomba la inchi moja na nusu kwa macho ni pacha, lakini la inchi unene wake wa nje ni milimita 48.3. Ukilitia kwenye soketi ya 50 linaingia kwa ulaini wa kutia shaka, gundi inajaza pengo, linapita majaribio, kisha baada ya mwezi hewa. Kama bomba linaingia bila kukataa hata kidogo, usifurahi.

Valvu zinazovuta hewa kwenye shingo ya mkono wake zina hukumu mbili. Za bei rahisi zilizogundishwa hazifunguki, unakata na kutupa. Zenye yunioni pande zote mbili bei yake inauma siku ya kununua, lakini zinafunguliwa, unabadilisha oringi, unarudisha. Kwa mtu wa Dar anayefika dukani kwa bodaboda, ya rahisi inatosha. Kwa mtu wa Mtwara, nunua yenye yunioni.

Fundi wa hapa, fundi wa Dar, na basi la usiku

Fundi wa mabwawa kutoka Dar es Salaam ana vifaa vya presha na ameona mengi. Lakini ni zaidi ya kilomita 500 za barabara, na utalipa nauli na malazi hata kama tatizo litakuwa oringi. Fundi bomba wa hapa ana mikono mizuri na yuko mtaa wa pili. Anachohitaji ni kuambiwa atafute hewa inayoingia badala ya maji yanayotoka. Yule wa kwanza wetu, nilipomwonyesha kijiti cha udi kikipinda, alikaa kimya kidogo kisha akacheka, na sasa ndiye ninayemwita. Wa Dar ningemwita kwa jambo moja tu: mstari wa ardhini ambao ndoo imeushuku na lazima upimwe kabla ya sururu.

Vipuri vinakuja kwa basi, na kwa kawaida ni usiku mmoja. Kwa kawaida. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kule Somanga, mabasi yalikwama, na mpira wangu wa kifuniko ulikwama nao. Tangu hapo kila nikiagiza oringi naagiza mbili. Nampigia muuzaji baada ya kupima upana wa duara kwa ndani na unene wa mpira wenyewe, maana "ya pampu ya farasi moja" si kipimo, na mpira mwembamba kwa milimita moja tu ni sawa na hukununua.

Unapowasha baada ya matengenezo, jaza kikapu cha pampu maji hadi juu, funga, fungua kile kivalvu cha kutolea hewa juu ya chujio mpaka kiteme maji, ndipo ukifunge. Tangi la chujio lililojaa hewa iliyobanwa si kitu cha kuchezea. Usilegeze mkanda wake wala kugeuza valvu ya njia sita pampu ikiwaka, hata kwa sekunde.

Bwawa la kaka yangu, baada ya ndoo, valvu na kitambaa, tulikuta tundu liko kwenye mstari wa sakafuni, mahali fulani chini ya baraza aliyoisakafia vizuri sana mwaka juzi. Alinitazama, akaitazama baraza. Tumefunga valvu ya chini, bwawa linazungushwa kwa skima peke yake, na brashi ya mkono inafanya kazi ya sakafuni mara mbili kwa wiki. Mvua zikiisha atampigia fundi wa presha, ajue ni vigae vingapi vya kung'oa.